Baridi ya Gari la Stima Hutengenezwa Kabla ya Safari

Kuanzia Januari mpaka mvua za Machi zinapokaribia, gereji yetu hapa Kenol hupokea lalamiko moja kwa sauti nyingi: "Fundi, hii gari haitoi baridi. Niongezee gesi." Zamani lilitoka kwa wenye Probox na madereva wa matatu za Murang'a. Siku hizi linatoka pia kwa wenye magari ya stima, na hao huja na woga wa ziada. Wameambiwa AC inakula betri, basi wanafika vioo vyote vimeteremshwa, shati limelowa mgongoni, na vumbi limetanda kwenye viti.

Kenol ni mji wa njia panda. Jina lake limetokana na kituo cha mafuta cha Kenya Oil Company, ile iliyokuja kuitwa KenolKobil na kununuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019. Ndiyo, najua: mji wa petroli, na mimi fundi wake nahangaika na magari yasiyokunywa hata tone. Ukitoka Thika unayapita mashamba ya mananasi, unafika hapa, kisha unachagua kukata kushoto kwenda Maragua na Murang'a mjini, au kunyoosha Makutano, Sagana, Karatina hadi Nyeri. Nairobi umeiacha nyuma kilomita sitini na kitu. Kwa mwenye Nissan Leaf ya zamani yenye betri ya kilowati-saa 24 iliyochoka, hapa ndipo anapoanza kupiga hesabu, na kitu cha kwanza anachokizima ni AC.

Mara nyingi anajitesa bure.

Katika gari la petroli, kompresa ya AC huzungushwa na mkanda uliofungwa kwenye injini. Injini ikizunguka polepole kwenye foleni, kompresa nayo inazunguka kivivu. Gari la stima halina mkanda huo. Kompresa ina mota yake ndani, inayolishwa na betri kubwa ya gari, ambayo kwenye Leaf ina volti mia tatu na ushei. Inaweza kukimbia kwa nguvu zake zote gari likiwa limesimama kimya chini ya mwembe, bila moshi na bila kelele. Ikishapoza ndani, hupunguza mwendo yenyewe na kutumia kama kilowati moja, pengine chini ya hapo. Gari hilohilo likikimbia kilomita 80 kwa saa hula kilowati 12 au zaidi kwa ajili ya kusukumana na upepo na kuzungusha magurudumu tu. Kwa hiyo ukishuka kutoka Kenol kwenda Sagana kwa mwendo huo, AC inachukua kipande kidogo cha chaji yako. Vioo ulivyovifungua ili kubana matumizi navyo vinakamata upepo na kuliburuta gari, basi hata hiyo akiba yenyewe ni ya kubahatisha.

AC inauma kwenye msongamano. Ukikwama saa nzima Githurai au Roysambu jua likiwa kali, kilowati-saa moja au mbili zinakwenda na hujasogea popote. Kwa Leaf hizo ni kilomita sita hadi kumi na mbili. Hapo hesabu ina maana. Barabara kuu ikiwa wazi, sioni sababu ya mtu kutoka jasho.

Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme, Leaf ikiwemo, na kutoa matokeo mwaka 2019. Kwenye joto la nyuzi 35 na AC ikifanya kazi, umbali ambao gari lingeweza kwenda ulipungua kwa wastani wa asilimia 17. Kwenye baridi ya nyuzi saba chini ya sifuri, hita ikiwaka, ulipungua kwa asilimia 41. Sisi hatuna baridi ya kiasi hicho, wala nyuzi 35 si za kila siku hapa. Lakini angalia jinsi namba hizo zinavyopishana. AC huhamisha tu joto kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo kwa kila kilowati ya stima inatoa kilowati kadhaa za joto. Hita ya kawaida ya magari haya ni waya unaochemka, sawa na birika la stima lililofichwa kwenye dashibodi. Nina wateja wanaozima AC mwezi wa Februari kwa kuogopa betri, halafu mwezi wa Julai, asubuhi yenye ukungu, wanapanda Nyeri na hita imewashwa mpaka mwisho wala hawana habari.

Sasa kuhusu hiyo baridi isiyotosha. Mara nyingi AC yenyewe ni nzima. Kilichoizidi nguvu ni gari lililoiva. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State huko Marekani walichapisha mwaka 2018 vipimo vya magari yaliyoachwa saa moja nje siku za joto kali. Yaliyokaa juani yalifika wastani wa nyuzi 47 ndani, na dashibodi nyuzi 69. Yaliyokaa kivulini yalifika nyuzi 38, dashibodi 48. Hewa ya ndani ukifungua milango inatoka mara moja. Dashibodi, viti na usukani ndivyo vinavyobaki na moto wao na kuutoa taratibu safari nzima, na hiyo ndiyo kazi ambayo kompresa inapigana nayo. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Kati ya Februari na Machi jua la saa sita mchana liko juu ya paa, na kuanzia saa nane linaingia kwa kioo cha mbele kama umeegesha ukielekea magharibi.

Kuna mwalimu wa upande wa Maragua aliyekuwa akija kila msimu wa joto kudai gesi. Nilimuuliza, "Mwalimu, gari huwa unaliegesha wapi?" Akasema uwanjani, kutoka asubuhi mpaka saa kumi, pua ikitazama magharibi, kwa sababu ndivyo lango lilivyo. Nikamwomba aingie kinyumenyume, pua itazame mashariki, na anunue lile pazia la kung'aa la kuzuia jua linalokunjwa na kuwekwa nyuma ya kioo cha mbele. Pazia hilo ni bei ya chakula cha mchana. Gesi sikumwekea hata gramu moja. Siku hizi akipita huniletea ndizi na kuniambia mimi ni fundi mbaya wa biashara.

Kufungua vioo kidogo ukiegesha, upana wa kidole, hakusaidii kama watu wanavyodhani. Kunakosaidia ni kufungua milango yote dakika moja kabla ya kuingia, kisha kwenda mita mia chache vioo vikiwa chini ili lile joto litoke. Baada ya hapo funga, na ubonyeze kitufe chenye mchoro wa gari na mshale unaozunguka ndani yake. Hapo AC inapoza tena hewa ambayo imekwisha kuipoza badala ya kuvuta ya moto kutoka nje. Safari ikiwa ndefu ruhusu hewa mpya mara kwa mara, maana abiria wanne wakipumua hewa ileile kutoka Kenol hadi Karatina dereva ataanza kusinzia.

Faida kubwa zaidi ya gari la stima, ambayo wengi hawaitumii, ni kulipoza likiwa bado kwenye chaji. Stima inatoka ukutani, na betri inaanza safari ikiwa imejaa. Leaf ina saa ya kupangia jambo hilo. Tatizo ni kwamba magari mengi yamekuja yakiwa yametumika Japani, na skrini inaongea Kijapani. Kamera ya simu itakutafsiria. Lakini angalia na saa yenyewe: Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na magari kadhaa yanaendelea kufuata saa ya kwao. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi hapa mjini, ambaye huchajia dukani mchana, alipanga gari lake lipoe saa nane mchana kabla hajaenda kupeleka mzigo Karatina. Likawa linapoa saa mbili asubuhi, watu wakiwa bado na masweta, na saa nane ikifika limegeuka tanuri. Tulisogeza namba kwa saa sita, mambo yakatulia.

Kuna vitufe viwili vinavyoniletea wateja wasio na kosa lolote kwenye gari. Cha kwanza ni Eco. Kwenye Leaf, Eco haibani mota ya magurudumu tu, hubana na AC pia. Siku ya joto kali kitoe mpaka ndani kupoe, kisha ukirudishe. Cha pili ni cha kuongeza na kupunguza nyuzi. Watu hubonyeza mpaka namba ya chini kabisa wakidhani ndiyo kasi. Weka 23 au 24, acha feni kwenye otomatiki. Mwanzoni AC itajituma yenyewe, na ikifikia kiwango itapumzika. Ukiweka ya chini kabisa haitapumzika kamwe, na hapo ndipo betri inapoliwa kweli.

Vumbi nalo. Tangu ujenzi wa barabara ya Kenol, Sagana hadi Marua uanze, nimetoa udongo kwenye magari wa kutosha kupanda sukumawiki. Filta ya hewa ya ndani, mara nyingi nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, ikiziba, feni inapiga kelele na upepo hautoki. Kondensa, ule wavu wa alumini nyuma ya grili ya mbele, ndiyo inayotupa joto nje. Gari la petroli hufunguliwa boneti kila likibadilishwa oili, na fundi akiona wadudu na matope huiosha. La stima linaweza kukaa mwaka mzima bila mtu kufungua boneti. Ioshe kondensa kwa maji ya mpira wa kawaida, taratibu. Zile mashine za shinikizo za kuoshea matatu hulaza mapezi ya kondensa, na yakilala yamelala.

Wenye magari mapya zaidi, kama BYD Atto 3 iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2024, wana jambo jingine la kufahamu. Gesi ya AC kwenye magari hayo hupoza betri pia. Ukichaji kwa kasi mchana wa joto, au ukiondoka mara tu baada ya kuchaji, kompresa inaihudumia betri kwanza, na wewe unaweza kupata baridi kidogo kwa muda. Huo si ubovu. Leaf haina mpango huo kabisa. Betri yake inategemea upepo wa barabarani, kwa hiyo kivuli unachotafutia dashibodi kinaisaidia na betri.

Turudi kwenye gesi, maana ndiyo iliyokuleta. Gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua imevuja. Kompresa ya stima imefungwa pande zote, haina ule mhimili unaotoka nje kukutana na mkanda, mahali ambapo magari ya zamani huvujia sana. Kwa hiyo nikikuta Leaf haina gesi, kwanza natazama kondensa iliyopigwa na kokoto. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko chini ya boneti, na ni cha kupimwa kwa mizani. Kikizidi, baridi inapungua vilevile. Gesi ya zamani isiachiliwe hewani. Mataifa yalikubaliana Kigali mwezi wa Oktoba 2016 kupunguza gesi za aina hiyo kwa sababu, kilo kwa kilo, zinapasha dunia joto kuliko moshi wa gari lako la awali.

Hatari kubwa ni oili. Kompresa za mkanda hutumia ile inayoitwa PAG. Ya gari la stima hutumia POE, ambayo haipitishi umeme, kwa kuwa nyaya za mota zinaogelea ndani yake. PAG kidogo tu ikichanganyika, hata ile iliyobaki kwenye mpira wa mashine ya kujazia gesi, inaweza kupunguza kinga ya umeme ndani ya kompresa. Gari likihisi umeme wa betri kubwa unavuja linaweza kukataa kuwaka, na hapo umebadilisha shida ya jasho kwa shida ya kununua kompresa. Na kabla ya mtu kugusa nyaya za rangi ya machungwa, ile plagi ya usalama iliyo sakafuni itolewe na dakika kumi zipite.

Kwa hiyo, kabla fundi hajaunganisha mipira yake kwenye gari lako, muulize anaweka oili gani, na mashine hiyo mara ya mwisho ilijaza gari gani. Akikujibu kwamba oili ni oili, funga boneti, mshukuru, teremsha vioo, na uende.