Mlima Wetu Juu ya Meza



Vikundi vingi hapa Murang'a hupanga kazi kwa kusimama juu ya mgongo wa mlima na kunyoosha kidole: "Maji yatapita pale, miti tutapanda kule." Shida ni kwamba ukisimama pahali pamoja huoni upande wa pili wa mgongo. Basi leo tunaeleza jinsi ya kutengeneza mfano wa kijiji kwa katoni, pamoja na reli, mito na miteremko yake. Si mchezo wa watoto, ingawa watoto watawasaidia sana.

Wengine wametangulia. Mwaka 2006, Waogiek wa Nessuit, upande wa Nakuru, walitengeneza mfano wa nchi yao ya Mau kwa kipimo cha 1:10,000. Wazee walionyesha juu yake mambo ya ardhi yao ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote.

1. Ramani. Tafuteni ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000. Ina miraba, kila mraba ni kilomita moja, yaani sentimita 2. Ichoreni upya kwenye karatasi kubwa, kila mraba sentimita 20. Sasa kipimo ni 1:5,000. Kijiji cha kilomita 3 kwa 2 kitaenea sentimita 60 kwa 40, na meza ya kawaida inatosha.

2. Kontua. Hii ni mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Kwenye ramani nyingi, mstari mmoja hadi mwingine ni mita 20. Someni maandishi ya chini kwanza, kwa sababu ramani nyingine za zamani hutumia futi. Mita 20 kwa kipimo chetu ni milimita 4, karibu unene wa katoni ya dukani. Kwa hiyo kila kontua ni kipande kimoja cha katoni. Kateni, pangeni ya chini kwanza, bandikeni.

3. Reli. Wekeni uzi mweusi pale reli inapopita. Reli ilifika Thika mwaka 1913, kisha ikaendelea kupitia Maragua, Murang'a, Sagana na Karatina hadi Nanyuki. Kila mtu anaijua, kwa hiyo ukiuona uzi unajua umesimama wapi. Tena reli inafundisha. Treni haiwezi kupanda mteremko mkali, kwa hiyo reli hupita sehemu za chini, inazunguka mahali inapobidi. Mkifuata uzi kwa kidole mtaelewa kontua bila mwalimu.

4. Rangi na pini. Maji yawe buluu, misitu kijani. Waiteni wazee na akina mama waweke pini kwenye chemchemi, njia za mguu na mahali udongo uliwahi kuporomoka. Msisahau mvua za mwaka 2018 zilivyoporomosha ardhi katika kaunti yetu.

Sisi wenyewe tulikosea mara mbili. Kwanza tulitumia gundi ya unga wa ngano, panya wakala kona nzima ya kijiji. Pili, watu walilalamika kwamba mlima umekuwa kama mkeka, wakataka tuongeze katoni. Tulikataa. Ukiongeza kimo peke yake, kila mteremko unaonekana mkali kuliko ulivyo, na mtapanga kazi kwa uongo.

Faida tuliiona siku ile ile tulipomaliza. Kikundi kilikuwa kimechanga pesa za tangi, na mzee mmoja ametoa kipande cha shamba bure. Mama mmoja akahesabu katoni kwa kidole. Nyumba tisa zilikuwa katoni mbili juu ya pahali pa tangi. Maji hayapandi mlima yenyewe! Watu wote wakanyamaza, maana mzee alikuwa ametoa kwa moyo mweupe. Ni yeye mwenyewe aliyesema, "Heri katoni initahayarishe leo kuliko saruji kesho." Tangi likahamishwa juu, bado chini ya chemchemi.

Tunawaonya mambo mawili. Kontua za mita 20 hazionyeshi vilima vidogo, kwa hiyo kabla ya kuchimba pimeni kwa paipu ya kuonea maji, na mwiteni fundi wa maji. Pia msichore mipaka ya mashamba. Katoni si hati ya ardhi, na ugomvi wa mpaka utaua kikundi.

Maswali ya kujadiliana

- Katika kijiji chetu, ni nani anayekaa juu ya maji, na ni nani chini?
- Ni mteremko upi unaohitaji miti au matuta kabla ya masika?
- Ni nani anayeijua nchi hii vizuri na hatujawahi kumuuliza?