Mwembe wa Naviundu Unavuta Nini?

Septemba ikifika hapa Naviundu, Lubumbashi, mwembe wa uani kwangu una rangi ya barabara. Mvua imekatika miezi mingi, malori hayakatiki. Wanafunzi wangu wa kemia huniuliza: mwalimu, vumbi hilo ndilo uchafu wa hewa? Nusu yake tu. Ukisuuza jani kwa maji safi, maji yale yatakuonyesha kilichotua juu. Kilichoingia ndani hukipati mpaka ulisage jani lenyewe.

Jani hupumua kwa vitundu visivyoonekana kwa macho. Shaba yenye salfa ikiyeyushwa tanuruni hutoa dioksidi ya salfa. Gesi hiyo ikipenya jani na kukutana na maji, tindikali huzaliwa. Klorofili, ile inayolipa jani ukijani wake, hunyang'anywa magnesiamu. Jani nalo hujitetea kwa vitamini C, tena huitumia kwa wingi. Mwaka 1983, Singh na Rao wa India waliunganisha vipimo vinne katika hesabu moja: vitamini C, klorofili, tindikali ya utomvu na maji yaliyomo. Wengi huisoma vibaya hesabu hiyo. Inapima uvumilivu wa mti. Moshi wenyewe haiupimi.

Mji wetu una ushahidi wa zamani usiohitaji hata maabara. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na upepo wa kusini-mashariki ukausukuma moshi wake kaskazini-magharibi miaka nenda miaka rudi. Miombo ya upande huo ikafa, ardhi ikabaki uchi, imejaa metali.

Kwetu Naviundu kuna mtego mwingine. Watafiti wamepima matope ya mto wetu wakakuta shaba na kobalti. Basi kobalti ya ndani ya jani imeshuka na hewa, au imepanda kwa mizizi? Jani peke yake halisemi. Ndiyo maana mimi huamini zaidi kuvumwani za magomeni, ambazo hazina mizizi ya kunyonya udongo na hula kinachopita hewani. Atakayeshikilia mwembe, na apime udongo wa chini yake pia. Achume majani ya umri mmoja, kimo kimoja, karibu na barabara na mbali nayo. Achume kabla ya mvua ya kwanza, maana ikishanyesha, nusu ya jibu imekwenda mtoni.