Umri wa Papa Umo Jichoni

Ukimuuliza ajuza wa kijijini ana miaka mingapi, hakutajii mwaka. Atakwambia alikuwa keshaota meno njaa ilipoingia, au yuko mgongoni mwa mama nzige walipotua. Hesabu utapiga mwenyewe. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Julius Nielsen wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walitangaza umri wa papa wa Greenland kwa hesabu ya namna hiyohiyo, isipokuwa tukio walilolishika wao ni bomu la nyuklia.

Samaki wengi husomwa umri kwenye vijiwe vya masikioni, vyenye pete kama za shina la mti. Papa hana pa kusomea hivyo. Kiunzi cha mwili wake ni gegedu tupu, na huyu wa Greenland hata pingili za uti wake ni laini mno, hazihesabiki. Limebaki jicho. Kiini cha lenzi huumbika papa akiwa bado tumboni mwa mamaye, kisha hakibadiliki tena. Tabaka mpya hujipanga juu yake kama za kitunguu. Menya mpaka katikati, na utakuwa umeshika chembe ya siku zake za mwanzo kabisa.

Majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalimwaga kaboni-14 angani, ikashuka baharini, ikaingia kwenye chakula cha viumbe. Kati ya papa majike 28 waliopimwa, wadogo kabisa tu ndio waliokutwa na alama ya bomu. Waliobaki walikwishazaliwa. Mkubwa wao, wa mita 5, alikadiriwa kuwa na miaka 392, ikipungua au kuzidi 120. Anayeguna hapo simlaumu, maana hilo si pengo dogo. Lakini shika hata kadirio la chini, miaka 272: bado hajulikani mnyama mwenye uti wa mgongo anayeishi kumzidi. Na likiwa sahihi la kati, alikuwa mtoto wakati Wareno wamekalia Fort Jesus, Mombasa.

Nyama yake mbichi ina sumu. Watu wa Iceland huivundika kwa wiki kadhaa, kisha huitundika ikauke kwa miezi. Mzoefu wa papa ng'onda angeielewa kazi hiyo. Harufu yake, sina hakika.

Zamani alivuliwa kwa ajili ya mafuta ya ini. Siku hizi hufa zaidi kwenye nyavu zilizotegewa samaki wengine, na hapo ndipo umri wake unapokuwa na uzito, kwa kuwa jike hupevuka akikaribia miaka 150. Papa jike aliyezaliwa mwaka huu hatarajiwi kuzaa mpaka karibu na mwaka 2175.