Mlango wa Gari Umeme Ukizimika

Wengi wetu hupanda gari na kushuka bila kujiuliza mlango hufunguka vipi. Mimi pia nilikuwa hivyo mpaka likizo ya Desemba iliyopita.

Mjomba alitutoa Migori kwenda Homa Bay, mimi na bintiye wa miaka mitatu, sote tukiwa kiti cha nyuma. Kufika sokoni tulikuwa tumelala fofofo. Mjomba akafunga milango kwa rimoti, akaenda kununua samaki. Taa za mbele akazisahau zikiwaka, na betri yenyewe ilikuwa kuukuu.

Nilizinduliwa na kilio cha mtoto. Ndani kulikuwa moto kama tanuri. Nikabonyeza swichi ya dirisha, kimya. Nikavuta kitasa, wapi! Nje, mjomba alikuwa akibonyeza rimoti bure, na tundu la ufunguo lilikuwa limeshikwa na kutu. Fundi mmoja wa jua kali akanipigia kelele: "Wewe kijana, ruka mbele, vuta hiyo loki na mkono!" Nikaruka, nikavuta, mlango ukafunguka.

Baadaye fundi alinieleza siri yake. Katika magari mengi, umeme haufungui mlango. Kuna mota ndogo ndani ya mlango ambayo kazi yake ni kusukuma loki tu. Kitasa chenyewe kimeunganishwa na komeo kwa waya au fimbo ya chuma. Betri ikifa, mota hulala, lakini chuma bado chafanya kazi.

Kwa hivyo, ukiwa ndani, vuta loki kwa mkono kisha kitasa. Mlango wa nyuma ukikataa, huenda umewekwa loki ya watoto. Vuta loki ya kawaida, halafu aliye nje afungue, ama upitie mbele. Ukiwa nje, tumia ufunguo wa chuma. Rimoti nyingine huuficha ndani yake. Tundu nalo litumiwe mara kwa mara lisishike kutu.

Lakini si magari yote. Kwa mfano, katika Tesla Model 3 kitasa cha ndani ni kitufe cha umeme. Mlango wa mbele una wenzo wa mkono karibu na swichi za madirisha. Uliza kabla ya safari.

Gari likitumbukia majini, usingoje. Mnamo tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka feri ya Likoni, Mombasa, mama na bintiye wakafa maji. Sisi tuna Ziwa Victoria na mto Kuja. Fungua mkanda, teremsha dirisha mara moja kabla umeme haujazimika, toa watoto, toka. Dirisha likikataa, vunja kioo cha ubavuni; kile cha mbele ni kigumu zaidi.

Siku hizi nikipanda gari, kwanza natazama loki iko wapi. Wenzangu hunicheka. Wacha wacheke. Yule mtoto yu hai, na kuuliza si ujinga.