Anakuita kwa Majina Yako Matatu

Ukimsikiliza mtu aliyetapeliwa kwa simu, mwache asimulie bila kumkatiza. Mara nyingi atafika mahali aseme, kwa sauti ya kujitetea: "Lakini alinitaja majina yangu yote matatu." Kabla ya hapo alikuwa na wasiwasi na namba ngeni. Baada ya kusikia majina yake wasiwasi ukamtoka, maana nani mwingine angeyajua kama si kampuni ya simu, benki au ofisi ya serikali?

Anaweza kuyajua yeyote mwenye simu. Ingia kwenye menyu ya kutuma pesa, weka namba yoyote iliyosajiliwa, weka kiasi kidogo. Kabla hujaingiza namba ya siri, mfumo utakuonyesha jina la mwenye laini ili usije ukatuma kusikokusudiwa. Kenya walipoileta huduma hii kwenye M-Pesa waliiita Hakikisha, na imewaepusha watu wengi kupoteza pesa kwa kukosea tarakimu moja. Tapeli anaitumia kwa njia yake: anaanza kutuma, anasoma jina, anaghairi, halafu anakupigia. Hajatumia hata senti, na tayari anakuita kama mtu mwenye faili lako mezani. Kama hakupita huko, kuna daftari la wakala, lile linaloachwa wazi kaunta likiwa na jina, namba na kiasi cha kila aliyekuja kutoa pesa siku hiyo.

Kwa hiyo jina lako halithibitishi kitu. Na namba inayokupigia?

Watu hupenda kuichunguza namba. Hii ni ya Voda, hii ya Airtel, hii ina tarakimu nzuri, haiwezi kuwa ya mhuni. Tangu mwaka 2017 Mtanzania anaweza kuhama mtandao na namba yake, na Wakenya walianza 2011, kwa hiyo hata tarakimu za mwanzo hazikuhakikishii mtandao, sembuse tabia ya mwenye namba. Wengine hujifariji kwamba laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, na ni kweli: Januari 2020 Tanzania ilianza kuzifunga laini ambazo hazikusajiliwa hivyo. Lakini laini iliyosajiliwa kwa kidole chako inaweza kuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Umekwenda kwa kijana mwenye mwavuli pembeni ya stendi, umeweka kidole, akasema mashine haijasoma, weka tena. Mara ya pili huenda alikuwa anasajili laini nyingine, ya kuuza. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafutwe. Tapeli akikamatwa na laini hiyo, polisi wataanza kwa kukutafuta wewe.

Programu kama Truecaller zinasaidia kiasi. Majina zinayoonyesha yametoka kwa watumiaji wenyewe, jinsi walivyoihifadhi au kuiripoti namba. Namba iliyokwishawasumbua watu wengi itakuja na rangi nyekundu, na hapo usipokee. Ila laini iliyoanza kutumika leo asubuhi haijaripotiwa na mtu, na tapeli mwenyewe anaweza kujiandikisha humo kwa jina la "Huduma kwa Wateja". Nyekundu iamini. Ukikosa nyekundu, usidhani umepata kijani.

Kuna namba chache za kukariri. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imekuwa ikiwaambia wananchi kwamba kampuni ya simu ikitaka kuzungumza na mteja itampigia kwa namba 100 tu. Safaricom nao wanasema watakupigia kwa 0722 000 000 pekee. Mtu akijitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja kwa namba nyingine yoyote, mazungumzo yameisha. Huna haja ya kumhoji wala kumtukana. Isipokuwa hata namba inayoonekana kwenye kioo inaweza kughushiwa, kwa sababu mitandao ya simu ilijengwa katika zama ambazo kampuni ziliaminiana, na ile ya kupokea huonyesha ilichoambiwa na ile ya kutuma. Marekani tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba kufikia Juni 2021 kampuni kubwa zililazimishwa kuweka mfumo wa kuthibitisha namba ya mpigaji. Matapeli wa kwetu mara nyingi hawajisumbui kughushi, laini mpya ni rahisi mno. Taarifa za TCRA zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa namba zinazotumika kwa utapeli. Kenya jina linalotajwa kwa kicheko cha uchungu ni gereza la Kamiti.

Basi acha namba, sikiliza anachotaka ufanye. Hapo ndipo ukweli wake ulipo, na hawezi kuuficha muda mrefu kwa kuwa dakika za simu zinakwenda.

Wengi wanajua kutotoa namba ya siri, na matapeli wanajua kwamba wengi wanajua. Kwa hiyo siku hizi hawaiombi. Wanakupeleka uiingize mwenyewe. "Mama, usikate simu, laini yako tunaihuisha. Bonyeza nyota mia moja hamsini nyota sifuri sifuri reli. Umeona menyu? Chagua moja. Sasa weka namba ya usajili nitakayokutajia." Namba ya usajili ni namba ya simu ya mwenzake. "Sasa weka kodi ya uthibitisho, mbili nne tano sifuri sifuri sifuri." Hiyo kodi ni shilingi laki mbili na arobaini na tano elfu. "Malizia kwa namba yako ya siri, usinitajie mimi, ni siri yako." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowamaliza watu. Mtu anayekuonya usimtajie siri yako anaonekana mwaminifu. Kumbe hakuhitaji kuijua, alihitaji uibonyeze. Ameitajataja menyu haraka haraka ili usipate nafasi ya kusoma kioo, na simu ikiwa sikioni kioo hukioni.

Kuna nyingine ambayo watu hawaijui kabisa. Anakuambia, ili kuzuia laini yako isifungwe, bonyeza nyota nyota ishirini na moja nyota, kisha namba fulani, kisha reli, halafu piga. Huoni pesa ikitoka, unashukuru. Ulichofanya ni kuagiza mtandao uelekeze simu zako zote kwenye namba ile. Sasa anaingiza namba yako kwenye WhatsApp ya simu yake na kuomba kodi ya kuthibitisha isomwe kwa simu ya sauti. Simu hiyo inalia kwake. Baada ya dakika chache anawaandikia shemeji zako na wanakikundi wenzako wa vikoba kwa picha yako na jina lako, akiomba kukopeshwa mpaka jioni. Ukiwa na wasiwasi kwamba uliwahi kubonyeza kitu cha namna hiyo, piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa mahali. Ukipiga ##002# unafuta maelekezo yote. Kodi hizi ni za kiwango cha GSM kinachotumika duniani kote, si za kampuni moja.

Simu ya "nimekosea kutuma" inataka maelezo zaidi, kwa sababu inamnasa mtu mwema. Kwanza unapata ujumbe kwamba umepokea, tuseme, elfu themanini. Dakika moja baadaye inakuja simu ya mtu anayekaribia kulia, pesa ilikuwa ya mgonjwa, tafadhali ndugu yangu irudishe. Angalia ujumbe umetoka wapi. Wa kweli unaingia kwa jina la huduma, M-PESA au mwenzake, chini ya mfululizo ule ule wa jumbe zako za zamani. Wa uongo umeandikwa na mtu na kutumwa kwa namba ya kawaida, hata maneno yakifanana herufi kwa herufi. Kisha tazama salio kwenye menyu, maana salio lililoandikwa ndani ya ujumbe lilibuniwa. Na kama pesa imeingia kweli? Hata hapo usiirudishe mwenyewe. Mwambie apige huduma kwa wateja, muamala urudishwe na kampuni, nawe usiitumie hiyo pesa. Kenya mtumaji hupeleka ujumbe wa muamala kwenda 456. Ukirudisha kwa mkono wako, naye akawa ameshaomba kampuni imrudishie, utalipa mara mbili. Asiye tapeli atakasirika kidogo, lakini pesa yake ataipata.

Simu ya mwalimu ndiyo naiona mbaya kuliko zote. Mwanao anasoma bweni, simu inalia saa nne asubuhi, mtu anajitambulisha kuwa mwalimu wa zamu: mtoto ameanguka, yuko hospitali, anahitaji kipimo haraka, tuma kwa namba hii ya daktari. Mzazi hafikirii tena. Dawa yake inaandaliwa kabla: siku unapompeleka mtoto shule, hifadhi namba ya mkuu wa shule, ya matroni au patroni, na ya mzazi mwenzako mmoja. Simu ya namna hiyo ikija, ikate na upige moja ya hizo. Kukata simu ya mwalimu ni kukosa adabu, utasema. Mwalimu wa kweli atakuelewa.

Kukata na kupiga mwenyewe ndiyo mbinu moja ninayoweza kuisimamia mahali popote, iwe ni benki, polisi, TRA au mtoto wa dada anayedai amebadilisha namba. Usipige namba iliyokupigia, wala ile aliyokupa. Piga iliyo nyuma ya kadi yako ya benki, au iliyokuwa kwenye simu yako tangu zamani. Tapeli atafanya kila njia usikate. "Ukikata laini inafungwa." Huo ndio ushahidi wenyewe, maana hakuna kampuni inayopata hasara mteja akikata simu na kupiga tena.

Kuna simu zinazolia mara moja na kukatika, zenye namba ya nchi usiyoijua. Wajapani waliwahi kukumbana nazo na jina waliloupa utapeli huo, wangiri, linatumika hadi leo. Kwetu zinapata mwanya kwa sababu tumezoea kubipiana: aliyekubipu anaomba umpigie, na kutompigia ni kumdharau. Ukipiga, unalipa gharama ya kimataifa, na sehemu yake humfikia aliyekodi namba ile. Upande wa pili utasikia muziki, au mlio kana kwamba simu bado inaita, ili usikate. Jirani tunawajua: 254 ni Kenya, 256 Uganda, 250 Rwanda, 257 Burundi, 243 Kongo. Mwenye ndugu Muscat anaijua 968. Namba nyingine yoyote iache. Ndugu aliye mbali akikukosa, ataandika.

Wauzaji halisi nao wapo, na si haki kuwaweka kundi moja na wezi. Wa bima, wa viwanja Kigamboni, wa kifurushi kipya. Wanachosha, lakini muuzaji halali anataja kampuni, ana ofisi, anakubali umwambie hapana, na ofa yake bado ipo kesho. Kiwanja kinachotakiwa kulipiwa "chapu kabla ya saa sita, mwenye nacho anasafiri" kiache kiende na mwenye nacho. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kudai taarifa zako zisitumike kukutangazia biashara. Muulize mpigaji namba yako aliipata wapi, na umwambie aiondoe. Wengi hukata simu wenyewe wakiulizwa swali hilo.

Tofauti na hao ni wakusanyaji wa madeni ya mikopo ya mtandaoni, wanaokupigia kuhusu deni la mtu unayemfahamu kidogo tu. Mkopaji alipopakua programu aliiruhusu isome namba zote alizohifadhi, na wewe ulikuwemo. Hukumdhamini mtu, huna deni, na usilipe hata shilingi ya "kumsaidia mwenzako". Mwishoni mwa 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ndefu ya programu za mikopo zisizo na leseni. Anayekutisha huenda hana hata ruhusa ya kukopesha.

Na kama pesa imeshakwenda, usianze kwa kumpigia tapeli kumlaani. Piga 100 dakika hiyo hiyo, taja muamala, omba pesa izuiwe, kwa sababu mwenzake yuko njiani kwa wakala na ikishatolewa taslimu hairudi kirahisi. Kisha ripoti namba kwenda 15040 kwa Tanzania, au 333 kwa wateja wa Safaricom, ifungwe kabla haijampigia mwingine. Nenda polisi ukachukue RB, na usifute ujumbe wa muamala, kwa kuwa namba ya kumbukumbu iliyomo ndiyo watakayokuuliza kwanza. Siku chache baadaye unaweza kupata simu nyingine, ya mtu anayejiita afisa wa makosa ya mtandao, akisema pesa yako imeonekana na inahitaji ada kidogo kuikomboa. Huyo ameuziwa namba yako na wale wa kwanza. Upelelezi wa polisi haulipiwi kwa simu.