Unataka mwili jumba? Waulize kwanza wazee wa vyuma!

Bega la kulia bado linanikumbusha ujinga wangu. Wiki hii naomba tuzungumze habari za vyuma, maana kila kona ya mji kuna jimu, na kila kijana anataka kifua kama mlango wa benki. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na haraka.

Kisa chenyewe kiko hivi. Mwaka jana mimi na mshikaji wangu mmoja, niliyesoma naye tangu vidudu, tulijiunga na jimu ya kisasa. Kiyoyozi, muziki mnene, vioo ukuta mzima. Tukawa tunatesa kweli: nusu saa ya vyuma, saa nzima ya kujipiga picha. Miezi miwili ikapita, fulana zinapwaya vilevile. Siku moja nikaona kimwana anatazama upande wangu, nikajipakia kilo ambazo sikuwahi kuzigusa. Bwana wee, bega likalia "kha!" nikabaki chini ya chuma napiga kelele. Na yule kimwana kumbe alikuwa anaangalia saa ya ukutani nyuma yangu.

Nikiwa bado nimefungwa bega, jamaa mmoja akatuita pembeni. Akatoa vidonge na vichupa vya sindano. "Mabraza, mnajitesa bure. Miezi miwili tu mnakuwa majitu!" Mshikaji wangu akalipa palepale. Mimi mfukoni sikuwa na kitu, nikasema nitarudi mwisho wa mwezi. Yaani kilichoniokoa si akili, ni ukata.

Kabla mwezi haujaisha, jirani akanipeleka kwa mzee mmoja Temeke. Uani kwake, chini ya mwarobaini, kuna jimu ya kienyeji: makopo yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, gia za lori, benchi la mbao. Mzee kapita miaka 70, lakini akibaki na singlendi utamwamkia mara mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Hilo bega limeumizwa na chuma au na sifa?"

Nikakiri: sifa. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na rundo la majarida ya zamani ya Kizungu ya watunisha misuli, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Nikamweleza habari ya zile dawa. Hakunifokea. Alifungua ukurasa wenye picha ya Eugen Sandow, yule ambaye sanamu yake ndiyo hukabidhiwa bingwa wa Mr. Olympia. Mwaka 1901 Sandow aliandaa shindano kubwa la miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Alifariki 1925. Homoni ya kiume, testosteroni, ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1935, na vidonge vya Dianabol vikaingia madukani Marekani mwaka 1958.

"Sasa niambie," mzee akasema, "kifua hiki alikipata kwenye duka gani la dawa?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Haya ndiyo niliyoyapata, nawe chukua bure.

KWANZA, fanya mwili mzima, halafu pumzika. Steve Reeves alikuwa Mr. America 1947 na Mr. Universe 1950, kisha akacheza sinema ya Hercules mwaka 1958. Yeye alifanya mazoezi ya mwili mzima siku tatu tu kwa wiki. Sisi tunakwenda kila siku, na kila siku ni kifua na mikono. Matokeo yake unakutana na mtu juu baunsa, chini korongo! Msuli haukui wakati unabeba chuma. Unakua baadaye, ukiwa umelala na umekula.

PILI, ongeza kidogo kidogo. Wagiriki wa kale walisimulia habari za mpiga mieleka Milo wa Croton, aliyebeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Iwe kweli iwe hadithi, siri ya vyuma imo humo. Reg Park, aliyekuwa Mr. Universe mara tatu (1951, 1958 na 1965) na kuishi miaka mingi Johannesburg, alisifika kwa seti tano za mara tano. Mbili za mwanzo unapasha mwili, uzito unapanda taratibu. Tatu za mwisho uzito ni uleule. Ukizimaliza zote bila kujikunjakunja, ndipo unaongeza kidogo safari ijayo. Arnold Schwarzenegger alipokuwa kijana Austria, huyu Park ndiye aliyekuwa shujaa wake. Mimi nilianza na makopo mepesi mpaka watoto wa jirani wakanicheka. Waache wacheke, bega halichekeshi.

TATU, andika. Mzee ana daftari la shule lenye kila alichonyanyua. Siku, uzito, mara ngapi. Mimi nilikuwa na picha mia nne kwenye simu lakini nikiulizwa wiki iliyopita nilibeba kilo ngapi, natumbua macho. Simu hiyohiyo inaweza kuwa daftari, ndugu yangu.

NNE, kula chakula. Kijiko kimoja cha ule unga wa makopo kwa kawaida kina gramu 20 hadi 25 za protini. Yai moja lina kama gramu sita, kwa hiyo mayai manne yanakufikisha hapohapo. Ongeza maharage, dagaa, karanga na maziwa. Unga si sumu, ila usijinyime nauli ukidhani bila kopo hakuna mwili.

Lakini tusidanganyane, wazee nao si malaika. Vince Gironda, mwalimu maarufu aliyefungua jimu yake Kalifornia mwaka 1948, aliwahi kuwashauri watu kula mpaka mayai 36 kwa siku. Hilo ni trei zima na mengine sita juu! Kibongobongo hapo unauza kitanda. Wengine walikunywa mayai mabichi, wakati yaliyopikwa ndiyo mwili unayafaidi zaidi, na mabichi yanaweza kukuletea maradhi ya tumbo. Na Arnold mwenyewe, bingwa wa Mr. Olympia mara saba, alikiri hadharani kwamba alitumia dawa. Kwa hiyo usichukue kila kitu cha zamani. Chukua subira yao.

Nataka nimalizie na mshikaji wangu. Alivimba kweli, miezi mitatu tu. Mtaani akawa babu kubwa, mimi nikawa natembea pembeni yake kama mpambe. Kisha chunusi zikamjaa mgongoni. Chuchu zikaanza kuvimba na kuuma, akawa havui fulana tena. Yote hayo akayapuuza. Lakini yeye na mkewe walikuwa wanatafuta mtoto. Wifi akapimwa, hana tatizo. Akapimwa yeye, mbegu karibu hakuna.

Daktari alimuuliza swali moja tu: "Unatumia nini?" Akamweleza kwamba ukiingiza homoni hizo kutoka nje, mwili unaacha kutengeneza za kwake, na kiwanda cha mbegu kinafunga. Aache, asubiri, arudi kupimwa. Inaweza kuchukua miezi, inaweza kuzidi mwaka, na kwa wengine hairudi yote.

Aliponisimulia alikuwa analia, mtu wa kilo 95. Na mimi nikaona aibu, maana siku ile analipa nilikuwa nimesimama pale pale, nikimwonea wivu.

Sasa hivi yuko na sisi chini ya mwarobaini, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Amepungua, fulana zimeanza kupwaya tena. Mzee kampa daftari lake, ukurasa wa kwanza umeandikwa tarehe na kilo 20. Majibu ya vipimo bado tunasubiri.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, jamaa wa vichupa akikuita pembeni, mwambie huna hela. Hata kama unazo. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.