Taa ya sola ikifa Ziwa Mweru, aulizwe nani?

UKISIMAMA ufukweni Kashikishi, wilayani Nchelenge, usiku usio na mbalamwezi, utaona taa zimetapakaa ziwani. Hao ni wavuvi wa chisense, dagaa wadogo wanaovutwa na mwanga. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa karabai za mafuta ya taa. Sasa taa za betri na sola zimeshika nafasi, na mvuvi ameepukana na gharama ya kununua mafuta kila siku.

Hayo ni maendeleo, na mimi si mmoja wa wanaoyabeza. Ila taa hizo nazo hufa. Betri huchoka, waya hukatika, paneli hupasuka. Betri kubwa ya risasi ina madini ya risasi na tindikali. Ile ya lithiamu huweza kulipuka moto ikitobolewa. Mvuvi aifanye nini? Aitupe majini anakopata kitoweo, au aichome nyuma ya nyumba wanakocheza watoto?

Swali langu ni hili: aliyeitengeneza na kula faida yuko wapi?

Mara nyingi taa hizi hutengenezwa China. Nyingine huingia Zambia kupitia wauzaji wa jumla wa Lusaka na Copperbelt. Nyingine huvuka ziwa kwa boti kutoka Kilwa na Pweto, upande wa Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya biashara. Njiani kila mkono unapata chake. Taa ikifa, kila mkono unaonyesha mwingine.

Zambia haikulala. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2011 ilitambua kwamba mzalishaji anawajibika kwa bidhaa yake hata inapogeuka taka, na mwaka 2018 zikatungwa kanuni za kutekeleza wajibu huo, chini ya usimamizi wa Wakala wa Mazingira wa Zambia, ZEMA. Wengi wanazikumbuka kanuni hizo kwa sababu ya mifuko laini ya plastiki. Kenya nayo iliuweka wajibu wa mzalishaji katika Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022.

Ugumu unakuja pale mzalishaji anapokuwa nje ya nchi. Huwezi kumpelekea barua ya wito mtu usiyejua anwani yake. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikutana na tatizo hilo hilo, na jibu lao linafaa kutazamwa. Katika agizo lao la mwaka 2012 kuhusu taka za vifaa vya umeme, kampuni iliyo katika nchi moja ya Umoja huo na inayouza redio au simu moja kwa moja kwa wateja wa nchi nyingine ya Umoja, ni lazima iteue kwa maandishi mwakilishi aliye katika nchi hiyo ya pili. Mwakilishi huyo ndiye anayebeba wajibu wa kampuni: kujiandikisha, kutoa hesabu ya uzito wa bidhaa zilizouzwa, na kuhakikisha gharama za kukusanya taka zinalipwa. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Tangu 2023, masoko ya mtandaoni hayaruhusiwi kutangaza vifaa vya umeme vya muuzaji ambaye hajasajiliwa.

Wapo watakaosema kwamba gharama hiyo itamwangukia mvuvi, na kwamba mlanguzi hatateua mwakilishi yeyote. Hoja hizo ni za kweli. Lakini hata sasa mvuvi analipa. Analipa kwa maji yake na afya ya wanawe. Kuhusu mlanguzi, tuanze na wakubwa wanaojulikana, ambao makontena yao yanapita forodhani kwa hati.

Wazambia hawahitaji kufundishwa gharama ya kuchelewa. Mgodi wa Kabwe ulifungwa mwaka 1994, lakini risasi imebaki katika udongo na katika damu ya watoto. Wakazi walipotafuta wa kujibu, walilazimika kwenda hadi Afrika Kusini kufungua kesi mwaka 2020, na Desemba 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilikataa kuiidhinisha kama kesi ya pamoja. Kumtafuta mhusika baada ya miaka mingi, tena nje ya mipaka, ni safari ndefu.

Ndiyo maana naona mwakilishi ateuliwe kabla bidhaa haijashuka, na awe na jina, ofisi na simu inayopokelewa. Nchelenge kazi yake inaweza kuwa rahisi. Kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ziwani upande wa Zambia, na taa hukaa bure majumbani. Huo ndio wakati wa kuweka mizani Kashikishi, kupima betri mbovu na kumlipa anayezileta. Malori yanayobeba samaki kwenda Copperbelt yanaweza kulipwa kuzibeba pia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Taa za Mweru zina wauzaji wengi, lakini hazina daftari. ZEMA na wizara zianze kulifungua, na jina la kwanza kuandikwa liwe la mtu anayeweza kupatikana.